Pamba kwenye Mkono wa Tonton Kasereka

Nyinyi vijana wa labo mna mashine. Mnaweka kichupa cha damu, mnabonyeza, inakohoa kidogo kisha inatema karatasi: chembe nyekundu kiasi hiki, nyeupe kiasi hiki, plakete kiasi hiki. Sisemi ni vibaya. Mashine haisinzii baada ya kula pondu. Lakini juzi nilipita kuwasalimia, nikamsikia mmoja wenu akisema juu ya mama fulani ambaye karatasi yake ilionyesha plakete chache: "Bon, mashine imekosea. Mutu munene hivi atakosa damu namna gani?"

Nilirudi nyumbani Kabondo, hapa Kisangani. Nikatafuta kalamu. Kalamu na mimi hatujawahi kupendana, maana shule niliiacha kabla sijajua kugawanya, na kuandika nilijifunza nikiwa tayari na ndevu. Lakini yule mama mnene amenikumbusha mtu, na mtu huyo lazima mumjue.

Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Yanonge. Nilipanda mto nikitafuta kazi yoyote, nikapewa hospitalini ya kuosha lame, vile vioo vyembamba tunavyopaka damu ili tuitazame kwa mikroskopi. Kuosha tu. Kazi ya macho niliichukua mwenyewe, kwa kuchungulia kila wakubwa walipokwenda kula, mpaka siku mkubwa wetu aliponikuta na badala ya kunifukuza akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia. Akaguna, akanivutia kiti. Tangu siku hiyo naitwa Papa Lame, na jina hilo nalipenda kuliko lile padri alilonimwagia.

Mkubwa huyo alikuwa Papa Alimasi, mtu wa Maniema, Mwislamu wa swala zote, mfupi, mwenye sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Yote mtakayosoma hapa ambayo yana akili, ni yake. Yenye kelele ni yangu.

Alinifundisha kwamba siri ya kwanza ya labo ni maji, mikroskopi inafuata nyuma. Vita vilipotufungia mto na barabara, yale maji maalumu ya kuchanganyia rangi yalikwisha. Ukichanganya rangi na maji ya mvua, damu inatoka nyekundu kama pilipili, huoni kitu ndani yake. Ukichanganya na maji ya kisima, kila kitu kinakuwa bluu kama wino uliomwagika. Papa Alimasi alichanganya yote mawili, mvua kidogo, kisima kidogo, anajaribu kwenye damu ya kidole chake mwenyewe, anaongeza, anapunguza, kama mama anayeonja chumvi, mpaka chembe nyekundu zipate rangi ya nyama ya papai bivu. "Hapo," anasema. "Sasa damu inasema Kiswahili."

Na namna ya kupaka: tone dogo upande mmoja wa lame, unalisukuma kwa ukingo wa lame nyingine, mara moja tu, bila kusita. Ipake nyembamba, kama mtu anayemkatia siagi mgeni asiyemtaka. Iwe na kichwa kizito na mkia mwembamba kama ulimi. Unasoma karibu na mkia, chembe zinapokaa moja moja bila kupandana. Umeme ulikuwa hakuna, kwa hiyo kioo cha mikroskopi tulikielekeza kwenye ukuta mweupe wa ng'ambo, ule wa stoo ya dawa. Ukikielekeza kwenye jua lenyewe unatafuta fimbo ya kipofu.

Sasa, vita. Sitaandika vita. Majeshi mawili ambayo hakuna hata moja lililokuwa letu yalipigania mji wetu, na mabomu hayakuuliza mtu kabila. Hiyo inatosha. Nitaandika benchi.

Benchi lilikuwa kwenye baraza, mbele ya mlango wa labo. Friji ya kutunza damu bila umeme ni kabati tu, kwa hiyo mgonjwa akihitaji damu, ukoo wake ndio uliitoa, pale pale, ingali ya moto. Na kila ukoo, wawe Walokele wa mtoni au Wanande wa biashara au watu wa Maniema, ulifanya jambo lile lile: ulimsukuma mbele yule mnene. Nimewaona wakichaguana kama watu wanaochagua mbuzi wa sikukuu. Wembamba walikaa nyuma. "Mutu munene iko na damu mingi." Hakuna aliyebisha. Hata mimi sikubisha. Ilionekana ni hesabu ambayo hata mtu asiyejua kugawanya angeiweza.

Kulikuwa na jambo la pili. Miaka ile, mtu akiingia kwetu akatoka bila kutoa damu, benchi zima lilikata hukumu papo hapo: ana ule ugonjwa. Wateja wake walibadilisha njia. Mke wake alianza kukunja nguo. Kumbe labda tulimkatalia kwa sababu ana upungufu wa damu kidogo, au kundi la damu yake halilingani na la mgonjwa.

Ndipo Papa Alimasi akaweka sheria yake. Kila aliyeingia, ametoa au hakutoa, alitoka na pamba imefungwa mkononi, pale mkono unapokunjwa, na kikombe cha chai yenye sukari. Kila mmoja. Sukari ilikuwa adimu kama petroli, na sisi wenyewe tulikunywa chai chungu ili ya benchi ipate utamu. "Mulango ya labo haina mudomo," alisema. Benchi waliona pamba, waliona kikombe, wakabaki wajinga. Ujinga huo ulilinda ndoa nyingi.

Bon. Asubuhi moja, mabomu yakiwa yamenyamaza kidogo, walikuja watu wa mtaa wa Makiso. Aliyeumia alikuwa kijana anaitwa Kakule, amelazwa kwenye toleka mbili, zile baiskeli za kubebea abiria, zilizofungwa pamoja kwa mbao. Kipande cha chuma kilimwingia pajani. Daktari wetu, tulimwita Docta tu, mwanamke kijana aliyesoma hapa hapa Kisangani, alikwisha kumfunga juu ya kidonda, lakini alisema lazima amfungue atafute mshipa, na damu ilikuwa inavuja tu, haitaki kuganda. Alisimama mlangoni kwetu mikono juu, glavu nyekundu.

"Papa Alimasi, nataka damu mbichi. Ya mtu mwenye damu nzuri. Nataka sasa."

Kwenye benchi, katikati, amekalia nafasi ya watu watatu, alikuwepo kaka yake: Tonton Kasereka, muuzaji wa jumla wa chumvi, sabuni na makayabo, wale samaki wakavu wa chumvi. Ninyi hamkumwona enzi zake. Alikuwa na shingo yenye mikunjo, tumbo lililotangulia kuingia kila mahali, na saa iliyozama kwenye nyama ya mkono. Alipocheka, mifuko ya chumvi ilicheka naye. Alikuwa tayari amekunja mkono wa shati.

"Miye nitatoa," alisema. "Yote yenye munataka. Huyu mutoto nilimutoa Butembo miye mwenyewe. Mama alimuweka mu mukono yangu."

"Na miye," ikasema sauti kutoka mwisho wa benchi.

Huyo alikuwa Masika, dada yao mkubwa. Mwembamba kama mpini wa jembe. Aliuza kwanga mezani, ile mikate ya muhogo inayofungwa kwa majani. Zamani meza yake ilikaa mbele ya depo ya Kasereka, mpaka siku Kasereka alipomwambia aihamishe, wateja wake wakubwa wasione dada wa patron anafunua majani ya kwanga barabarani. Aliihamisha. Tangu hapo walikuwa hawasemezani. Habari hiyo niliijua kwa sababu Kisangani nzima ilikula kwanga za Masika.

Mjomba mmoja wa ukoo akageuka, akamtazama kutoka kichwani hadi kwenye sandali.

"Weye Masika utatoa nini? Weye mwenyewe unatembea na damu ya kukopa."

Benchi likacheka, kile kicheko cha watu wenye hofu.

"Yaya, kaa," Kasereka akamwambia dada yake mkubwa. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu meza ile.

Hakukaa. Aliingia nyuma yake.

Tuliwapima wote wawili. Makundi ya damu yao yalilingana na ya Kakule. Kipimo cha ule ugonjwa, wote wasafi. Nilikwisha kuandaa mfuko kwa ajili ya Kasereka, nimefunga mpira kwenye mkono wake nikitafuta mshipa chini ya mafuta yale, kama mtu anayetafuta kamba ndani ya ugali wa fufu, Papa Alimasi aliponigusa bega. Alikuwa anatazama kidole cha Tonton. Lile tundu dogo la kuchomwa, ambalo kwa Masika lilikwisha kufunga, kwake bado lilikuwa linatoa. Pamba ya kwanza imelowa. Ya pili inalowa.

"Papa," akamwambia kwa sauti yake ya kulaza watoto, "ukijigonga kidogo, unapata alama nyeusi?"

"Hata nikifungua mufuko ya chumvi," Kasereka akajibu. "Ngozi yangu iko laini. Ngozi ya patron."

"Papa Lame, fanya lame. Ya wote wawili."

Nilipaka, nilitia rangi, nilielekeza kioo ukutani. Nikaanza na ya Kasereka.

Plakete, kwa wale ambao mashine imewasahaulisha, ni vile vipunje vidogo vya zambarau vinavyokimbilia kwenye kidonda na kuziba, kama mafundi wa mtumbwi wanaoziba ufa. Kwa mtu mzima wa kawaida, kila ninapotazama zimetawanyika kama unga wa muhogo kwenye meza ya soko baada ya mama kuondoka. Kwa Kasereka kulikuwa na punje moja hapa. Nasogeza lame. Moja kule. Nasogeza. Hakuna.

"Zimeshikamana," nilisema. "Nimechelewa kupaka."

"Angalia mukia."

Hiyo ni sheria, iandikeni mahali: kabla hujasema plakete ni chache, nenda kwenye mkia wa lame. Zikishikamana, zinaburutwa mpaka huko na kulala kwa mafungu kama kuku kwenye kona. Ukiziona huko, mkosaji ni mkono wako, paka upya. Nilikwenda kwenye mkia. Hakukuwa na fungu. Nikachoma kidole kingine, nikapaka haraka zaidi. Hadithi ile ile.

Ndipo nikaziona chembe nyekundu zenyewe. Zilikuwa kubwa kuliko desturi, pana, na nyingi zilikuwa na jicho: duara jekundu nje, duara jeupe, halafu doa jekundu katikati, kama sahani yenye donge moja la fufu. Nilikuwa nimewahi kuziona moja moja. Sijawahi kuona zimekaa namna ile, zote zinanitazama.

Papa Alimasi aliinama, akatazama kwa muda mrefu. Akainuka.

"Ini," alisema.

"Ini? Papa, huyu mtu ni afya tupu. Angalia tumbo."

"Muite Docta."

Nikaweka lame ya Masika wakati nikisubiri. Na hapa, vijana, maneno yananiishia. Damu ile ilikuwa tajiri. Chembe nyekundu sawasawa, za duara, zimepangwa kama pesa za mtu mwangalifu. Nyeupe zimesimama mahali pake. Na vumbi la zambarau kila pembe, kila pembe. Niliinua kichwa nikamtazama yule mwanamke, mifupa ya shingo yake, gauni lililofuliwa mpaka likasahau rangi yake, halafu nikarudi kwenye mikroskopi, halafu kwake tena. Nilikuwa nimefanya kazi hii tangu ujana na nilidhani damu hainishangazi tena. Niliona aibu ya macho yangu ya nje, yale ninayotembea nayo barabarani.

Docta alikuja mbio. Alitazama lame zote mbili, akamlaza Kasereka kwenye meza yetu ya chupa, akaingiza vidole chini ya mbavu za kulia, halafu za kushoto.

"Papa, unakunywa?"

"Bière kidogo, siku ya Mungu. Lotoko hapana. Miye niko mukristo."

"Sukari?"

"Sukari iko ya kufurahisha mutu."

"Hata bila pombe ini linapata mafuta, papa. Ukila sana, ukikaa sana, mafuta yanaingia ndani yake. Yakikaa muda mrefu, ini linapata makovu. Damu ikija kupita, inakuta njia imebanwa, inarudi nyuma kwenye bandama. Bandama inavimba, na plakete zinafungwa humo kama watu kwenye kizuizi cha barabara. Ziko, lakini hazipiti."

Mfano huo tuliuelewa sote. Vizuizi tulikuwa navyo kila njia panda.

Nilimwuliza kama si malaria, maana hapa kwetu nani hana bandama iliyovimba? Akasema yaweza kuwa na mkono wake pia, na plakete chache peke yake hazimtaji mtu; malaria huzipunguza, homa huzipunguza, dawa nyingine huzipunguza. "Lakini chembe hizi zenye jicho, ukubwa huu, na ini ninaloligusa hapa, vyote vinaelekea nyumba moja." Kumbukeni hilo. Lame inapiga hodi tu. Daktari ndiye anayeingia ndani ya nyumba.

Kasereka alikuwa bado amelala, anatazama dari.

"Donc," alisema, "ndani yangu kuko mafuta, na damu hakuna."

"Damu iko. Lakini ndugu yako anavuja. Anahitaji damu inayojua kuziba. Atatoa Masika."

"Docta, nilimuahidi mama."

"Unataka ahadi ama unataka Kakule?"

Masika alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti, amenyoosha mkono wake mwembamba, mshipa umesimama kama kamba ya mtego. Sindano iliingia bila kutafuta. Mfuko ulijaa, nikaupeleka mwenyewe kwa Docta, na ulikuwa wa moto mkononi mwangu kama mkate.

Niliporudi nilimwuliza Papa Alimasi alijuaje ni ini kabla ya Docta kugusa. Akaniambia, huku anachemsha maji ya chai. Ujana wake aliupitisha kwenye chumba cha maiti, kazi ya ndoo. Daktari wa wakati ule alikuwa akipasua kujua mtu kafa na nini, na ini likitolewa liliwekwa kwenye ndoo ya maji. Ini la mtu linazama kama jiwe. Siku moja likawekwa la mfanyabiashara mnene. Lilikuwa la manjano, kama mawese yaliyoganda asubuhi ya baridi. Likaelea.

"Nilifikiri iko uchawi," alisema. "Halafu, siku ingine, wakaleta mutoto. Miguu imevimba, nywele imekuwa ya kahawia. Njaa. Wakatoa ini yake, ndogo, nikaweka mu maji. Na yenyewe ikaelea. Papa Lame, nilikaa chini. Yule alikula mpaka akakufa, huyu alikosa mpaka akakufa, na maini yao yote mbili juu ya maji, sawasawa."

Yeye akamimina chai. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe tu. Mungu ameumba kiungo kimoja ambacho kinajaa mafuta kwa shibe na kinajaa mafuta kwa njaa. Mpaka leo nikikaa peke yangu nalifikiria jambo hilo, na sijafika mwisho wake.

Basi, sheria ni sheria. Papa Alimasi alimfunga Kasereka pamba nzuri pale mkono unapokunjwa, akampa kikombe, akafungua mlango.

Benchi lilisimama.

"Simba," mjomba akasema. "Sasa Kakule amepona. Amekunywa damu ya ngombe dume."

"Angalia hata hatetemeki," akasema mwingine. "Wangeweza kutoa ndoo, angebaki amesimama."

Masika akatoka nyuma yake, pamba mkononi, kikombe mkononi. Midomo ilikuwa imemkauka. Mjomba akasogea kidogo kumpa nafasi ya kukaa.

"Na weye walikupima? Muzuri. Hata kujaribu ni kitu."

Masika akanywa chai yake. Aliitazama chai kama mtu aliyezoea kudharauliwa.

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilimwona Kasereka amesimama na sifa zile zinamwangukia, na nilijua hesabu aliyokuwa akiifanya kichwani, maana kila mtu wa mji huu angeifanya. Pamba ilikuwa imemlinda. Kukaa kimya kungemwachia depo yake, jina lake, mke wake, nafasi ya watu watatu kwenye kila benchi. Kusema kungemwachia nini?

Aliweka kikombe chini, kwenye sakafu, polepole, kwa sababu ya tumbo. Akafungua pamba. Akanyoosha mkono mbele yao, akaugeuza kwenye mwanga.

"Muangalie. Tundu iko wapi?"

Shingo zote zikanyooshwa kutazama.

"Haiko. Iko mu kidole tu, na hata hiyo haijakauka. Damu yenye iko inaingia mu Kakule ni ya Masika. Yangu walikatala."

Mjomba akatazama chini. Mwanamke mmoja wa ukoo mwingine akavuta mtoto wake karibu. Kasereka akaliona hilo.

"Najua munafikiri nini. Kama munataka kufikiri, mufikiri. Docta amesema ni ini. Nilikula mpaka ini yangu ikanona. Sina damu ya kufunga hata kidole." Akamgeukia dada yake. Nilidhani atasema jambo refu, lakini aliinama polepole, akaokota kikombe sakafuni. "Yaya, kunywa na yangu," akasema, akampa kikombe chake.

Nyuma yangu Papa Alimasi alikuwa amefumba macho. Sheria yake, aliyoilinda kwa chai chungu, ilikuwa imefunuliwa barazani mchana kweupe. Sasa kila mtu alijua pamba yaweza kuwa pamba tu. Nilifikiri benchi lile halitakaliwa tena.

Halafu kutoka ukoo mwingine, jitu moja nene la mtoni, lililokuwa limesukumwa mbele na jamaa zake tangu alfajiri na likikataa kuingia, likajivuta kusimama.

"Bon," likasema. "Na miye munipime ini."

Watu walicheka mpaka walinzi wakaja kutazama. Na baada ya siku ile waliingia wengi zaidi, si wachache. Patron wa Makiso mzima alikwisha kukataliwa mbele ya watu na hakufa kwa aibu, sasa wewe ni nani uogope? Pamba na chai tuliendelea kutoa. Lakini wembamba walianza kukaa mbele.

Kakule aliishi. Sisemi ni damu ya Masika peke yake. Mikono ya Docta ilikuwa humo, na Mungu hakuwa mbali. Lakini Docta mwenyewe alisema aliona kuvuja kukipungua baada ya mfuko ule. Baadaye, kila Kakule alipobishana na kaka yake, alimwambia: "Miye usinipandishie sauti, niko na damu ya yaya."

Na Kasereka? Docta alimwambia atembee, aache bia na soda, ale samaki na majani, asiogope njaa ya jioni. Angetii? Sijui. Vita vilitii kwa niaba yake. Depo iliporwa. Gari lake lilichukuliwa na askari, hata shukrani hawakusema. Petroli haikuwepo, na mji mzima ukapanda baiskeli. Yule mtu aliyekuwa akipelekwa kanisani kwa gari alianza kusukuma baiskeli yenye mifuko ya chumvi kwenye njia ya msitu mpaka Yanonge kwetu, na kurudi na samaki wa moshi.

Sitavisifu vita. Wakati huo huo, kwenye ukumbi wa parokia, walilala watoto wenye miguu iliyovimba na nywele za kahawia, na nilipowachoma vidole nilijua maini yao yanafanya nini ndani ya mbavu zile. Wengine hawakupata nafasi ya kupona. Nasema tu nilichokiona: vita vile vile vilivyonenepesha ini la mtoto vilikondesha ini la tajiri. Anayeelewa anieleze.

Kasereka alikuja asubuhi moja, baada ya miezi ya baiskeli, suruali ameifunga kwa kamba ya katani. Sikumjua mpaka alipocheka. Nilimchoma kidole. Nikabonyeza pamba, nikainua. Tundu limefunga. Tulitazamana.

Lame yake ya kwanza na ya Masika nilikuwa nimezitunza kwenye kiberiti, zimefungwa karatasi. Ninazo mpaka leo. Nilipaka ile mpya, nikatia rangi, nikamwita akae kwenye kiti changu.

"Weka ya yaya kwanza," alisema.

Nikaiweka. Mikono yake ilikuwa na sugu ya usukani wa baiskeli, akaishika meza kwa yote miwili.

"Hii vumbi ndogo ndogo ndiyo ilifunga Kakule?"

"Ndiyo hiyo."

Hakuinua jicho kwa muda mrefu, mpaka nikasogeza kioo kufuata mwanga. Halafu nikamwekea ile yake ya zamani. Aliitazama kidogo tu. Halafu mpya. Vumbi lilikuwa limerudi. Halikujaa kama la Masika, na Docta alikwisha kutuambia bandama iliyotanuka sana hairudi yote. Lakini palipokuwa na punje moja palikuwa na nyingi, na yale macho yaliyonitazama siku ile yalikuwa yamepungua.

"Ni miye huyu?"

"Ni weye."

Alishusha pumzi kama mtu aliyetua mfuko. Nikamfunga pamba, kwa mazoea, akanywa chai, akatoka.

Masika alikuwa kwenye benchi, anailinda baiskeli, beseni la kwanga limefungwa nyuma. Siku hizo meza yake ilikuwa imerudi mbele ya mlango wa depo, na ndiyo iliyolisha nyumba zote mbili. Akaiona pamba.

"Umetoa?"

"Hapana. Nimeangalia." Akasimama mbele yake, mikono haijui iende wapi. "Nimeangalia ya kwako, yaya. Kumbe mutu munene mu familia yetu ni weye."

Masika akamtazama kama anayetafuta harufu ya lotoko. Halafu akajiangalia, mikono ile, mifupa ile, akatikisa kichwa.

"Shika baiskeli," akasema. "Kwanga zinaungua jua."